Uwanja wa Ndege wa Tanga: Historia Yake, Vifaa Vyake na Faida Yake kwa Mkulima

Mkulima wa Pongwe anapopalilia shamba lake huona mara kwa mara ndege ndogo ikipita chini chini juu ya mikonge na minazi, ikielekea mjini. Huinua kichwa, huitazama mpaka ipotee nyuma ya miti, kisha hurudi kwenye jembe lake. Kwa wanachama wengi wa vyama vya msingi habari ya uwanja wa ndege huishia hapo. Ndege huhesabiwa kuwa ni chombo cha wenye fedha na wenye haraka. Mkulima ana barabara, ana reli, ana baiskeli yake.

Fikra hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake ni nusu. Uwanja wa Tanga ni uwanja wa umma. Uko upande wa magharibi wa mji, yaani upande ule ule wa kuelekea Pongwe, na ardhi yake, majengo yake na watumishi wake hugharimiwa na umma, mkulima akiwamo. Mwenye mali asiyejua mali yake inafanya kazi gani hawezi kuitumia, wala hawezi kuilinda. Kwa hiyo yafaa katibu wa chama na mwanachama wajue uwanja huo umetoka wapi, una vifaa gani, na unaweza kumfaa mkulima katika jambo gani. Neno la kushikwa tangu mwanzo ni hili: ndege hufaa kwa kitu kilicho chepesi na kisichoweza kungoja. Kitu kizito kinachoweza kungoja kina njia nyingine zilizo bora zaidi.

Reli Ilitangulia

Pongwe ilijua habari ya usafiri wa kisasa kabla ya sehemu nyingine zote za bara la Tanzania. Ujenzi wa reli ya Tanga ulianza mwaka 1893 wakati wa utawala wa Wajerumani, na kipande cha kwanza kilichofunguliwa, mwaka 1894, kilikuwa cha kilomita zipatazo 14 tu: kutoka bandarini Tanga mpaka Pongwe. Hiyo ndiyo iliyokuwa reli ya kwanza katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika. Mwaka 1896 reli ikafika Muheza, na hapo kampuni iliyoijenga ikaishiwa fedha. Serikali ya wakati huo ikaichukua mwaka 1899. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911.

Kisa hicho kina funzo linalohusu uwanja wa ndege pia. Kilomita 14 ni mwendo ambao mpagazi aliweza kuutembea kwa saa tatu au nne. Reli iliyoishia Pongwe haikuwa na safari ndefu ya kumwokolea mtu muda, wala haikuwa na shehena ya kutosha ya kulipia makaa na mishahara. Ilianza kuwa na maana ilipoyafikia mashamba na milima yenye mazao. Mkonge ulikuwa umeletwa nchini mwaka ule ule wa 1893 na Dakta Richard Hindorf, ukapandwa karibu na Pangani. Na ulipoenea katika nchi kavu ya Tanga, reli ikapata mzigo wake halisi. Njia yoyote ya usafiri, iwe ya chuma, ya lami au ya angani, huishi kwa kile inachokibeba.

Ndege za Mwanzo

Usafiri wa ndege wa kawaida ulifika Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1932 kampuni ya Kiingereza ya Imperial Airways iliunganisha London na Cape Town. Ndege zake zilipita bara, zikatua Moshi, Dodoma na Mbeya. Mji wa Tanga haukuwa katika njia hiyo kuu.

Pwani ilihudumiwa na kampuni ndogo ya Nairobi, Wilson Airways, iliyoanzishwa mwaka 1929 na Bibi Florence Kerr Wilson. Katika miaka ya 1930 ndege zake ziliunganisha Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Zilikuwa ndege nyepesi za kuchukua watu wachache, na kazi yao kubwa ilikuwa kupeleka barua. Jambo hili lafaa kuangaliwa. Tangu siku za kwanza, kilicholipia safari ya ndege katika pwani hii kilikuwa mfuko wa barua: kitu chepesi ambacho wenyewe walikuwa tayari kukilipia ili kisichelewe. Katani ya Tanga iliendelea kushuka bandarini kwa reli na kuondoka kwa meli.

Vita vya pili vya dunia vilipoanza mwaka 1939, ndege na marubani wa kampuni hiyo walichukuliwa kwa kazi za kijeshi, na kampuni ikafikia mwisho wake.

Shirika la Afrika Mashariki na Kuvunjika Kwake

Tarehe 1 Januari 1946 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi, likiwa mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Lilianza na ndege sita aina ya de Havilland Dominie, ndege za mabawa mawili mawili, zenye injini mbili na nafasi za abiria wasiozidi wanane. Baadaye zikaja Dakota, yaani DC-3, zilizoweza kuchukua abiria ishirini na zaidi, na tangu mwaka 1962 ndege za Fokker Friendship zenye nafasi zipatazo arobaini. Tanga ilikuwa miongoni mwa vituo vya pwani vya shirika hilo.

Mapema mwaka 1977 shirika hilo lilikoma, katika mwaka ule ule ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Tanzania ikaunda shirika lake yenyewe mwezi wa Machi mwaka huo. Wazee wa ushirika watakumbuka kwamba mwezi wa Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini vilikuwa vimevunjwa, na havikurudishwa mpaka ilipotungwa sheria ya mwaka 1982. Hivyo katika muda usiotimia mwaka mmoja, mkulima alipoteza chama chake kikuu, na msafiri akapoteza shirika la ndege alilolizoea.

Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa. Shirika la ndege lilipokufa, uwanja ulibaki. Ndege ni mali inayohama: mwenyewe akiona hasara huipeleka kwingine siku ya pili. Uwanja hauhami. Ndiyo sababu ardhi ya uwanja ina thamani kuliko ratiba yoyote ya ndege, na ndiyo sababu kuilinda ni jambo la vizazi. Baada ya miaka ya mashirika ya umma, safari za Tanga ziliendelezwa na kampuni binafsi za ndege ndogo, kama Coastal Aviation, iliyoanzishwa mwaka 1987, na Auric Air, zikiunganisha Tanga na Pemba, Unguja na Dar es Salaam.

Nani Anauendesha

Watu wengi huchanganya mambo matatu ambayo kwa kweli ni mbalimbali. Kwanza kuna mwenye uwanja. Viwanja vya umma vya Tanzania Bara viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, iliyoundwa mwaka 1999 kwa Sheria ya Wakala wa Serikali ya mwaka 1997. Huyo ndiye anayetunza njia, majengo na uzio. Pili kuna msimamizi wa sheria, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Huyo hutoa leseni, hukagua usalama, na huongoza ndege angani. Tatu kuna mwenye ndege, yaani kampuni inayouza tiketi na kupokea vifurushi.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Kifurushi cha mwanachama kikipotea, mlalamikiwa ni kampuni ya ndege. Ng'ombe akiingia kwenye njia, wa kuarifiwa ni meneja wa uwanja. Mtu akitaka kujenga mnara wa simu au tangi refu jirani na uwanja, wa kuulizwa kwanza ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Katibu anayejua mlango wa kubisha huwaokolea wanachama siku nyingi za kuzungushwa.

Vifaa vya Uwanja Mdogo

Kiini cha uwanja wowote ni njia ya kurukia na kutua. Mengine yote huitumikia. Njia hiyo hupaswa kuwa ngumu, nyoofu na yenye kumwaga maji. Katika pwani yenye masika mazito ya Machi hadi Mei, maji ni adui mkubwa kuliko jua: njia ya udongo ikilowa hulainika, magurudumu huzama, na uwanja hufungwa kwa siku kadhaa. Pembeni mwa njia huachwa ukanda ulio wazi, usio na kisiki wala shimo, ili ndege ikitoka njiani isivunjike.

Katika ncha za njia huandikwa nambari. Nambari hizo ni pande za dira, ambazo tarakimu yake ya mwisho imeondolewa. Ncha yenye 09 humwelekeza rubani mashariki, nyuzi 90. Ncha ya pili ya njia hiyo hiyo itakuwa 27, yaani magharibi, nyuzi 270. Nambari mbili za njia moja hutofautiana kwa 18 daima, kwa kuwa zinatazamana kinyume.

Karibu na njia husimama mlingoti wenye kifuko cha upepo, cha kitambaa cha rangi kali. Wenyeji wa pwani hawahitaji kufundishwa habari ya pepo. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi. Kusi hushika miezi ya katikati ya mwaka. Ila nahodha wa jahazi hutaka upepo nyuma yake, na rubani huutaka usoni. Upepo unaokabili mabawa huyasaidia kuinua ndege, hata ikahitaji kipande kifupi zaidi cha njia. Kwa hiyo ndege ile ile yaweza kuonekana ikitua kutoka upande mmoja wakati wa kaskazi, na kutoka upande mwingine wakati wa kusi.

Kisha kuna maegesho ya ndege na jengo la abiria. Katika jengo dogo chombo muhimu ni mizani. Katibu wa chama ataelewa jambo hili upesi kuliko watu wengine, kwa sababu naye kazi yake yote huanzia kwenye mizani. Katika ndege ndogo kila kilo huhesabiwa, na hata abiria mwenyewe aweza kupimwa. Kwani uzito ukizidi, au ukilundikwa upande wa nyuma, ndege hupoteza uwiano wake. Ndiyo sababu mizigo ya abiria katika ndege hizo aghalabu huwekewa kikomo cha kilo 15. Anayebishana na mpimaji anabishana na usalama wake mwenyewe.

Mafuta ni jambo jingine. Ndege kama Cessna Caravan hutumia mafuta ya ndege yanayokaribiana na mafuta ya taa. Ndege ndogo zaidi za injini za pistoni hutumia petroli ya aina ya pekee. Mahali pasipokuwa na mafuta, ndege hulazimika kuja na mafuta ya kurudia, na kila lita ya mafuta hayo huchukua nafasi ya mzigo. Zimamoto nayo hupangwa kwa madaraja, kuanzia la 1 hadi la 10, kufuata ukubwa wa ndege zinazotumia uwanja. Ndege kubwa haiwezi kupangiwa safari za kawaida kwenye uwanja wenye zimamoto la daraja la chini, hata kama njia ingetosha.

Mwisho kuna kituo cha hali ya hewa. Hiki ndicho kifaa cha uwanja ambacho mkulima hukitumia bila kujua. Vipimo vya mvua, joto na upepo vinavyojulikana kwa jina la Tanga huchukuliwa kwenye kituo cha uwanja wa ndege, siku hadi siku, miaka nenda miaka rudi. Rubani hukitaka kipimo cha saa ile. Mkulima hukitaka kipimo cha miaka mingi, kwa sababu utabiri wa vuli na masika unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania husimama juu ya kumbukumbu za namna hiyo. Katibu anayebandika utabiri huo kwenye ubao wa chama anagawa mazao ya uwanja wa ndege.

Kwa Nini Urefu wa Njia Una Maana

Mara nyingi husikika swali: mbona ndege kubwa hazikuzoea kuja Tanga? Jibu lake kubwa ni urefu wa njia. Kwa mpango wa kimataifa viwanja hupangwa katika tabaka nne, kufuata urefu wa njia unaohitajiwa na ndege zake: chini ya mita 800, kuanzia 800 hadi chini ya 1,200, kuanzia 1,200 hadi chini ya 1,800, na 1,800 au zaidi. Kwa miaka mingi njia ya Tanga ilikuwa na urefu unaozidi kidogo mita 1,200. Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971, una njia ya mita 3,600, yaani karibu mara tatu.

Cessna Caravan, yenye nafasi za abiria wapatao 12, huruka ikiwa na mzigo wake katika njia isiyofika mita 1,000. Ndege ya Q400 yenye nafasi 76, ambayo shirika la ndege la taifa lilianza kuipokea mwaka 2016, huhitaji karibu mita 1,400 ikiwa na uzito wake kamili, katika usawa wa bahari na joto la wastani. Hewa ya moto ni nyepesi, nayo huyapa mabawa nguvu ndogo. Basi adhuhuri ya Februari ndege huhitaji njia ndefu kuliko alfajiri ya Julai. Tanga ina bahati ya kuwa chini, mita zipatazo 40 tu juu ya bahari, lakini joto lake halina huruma.

Ikumbukwe pia kwamba kurefusha njia hakumalizwi na lami. Hutakiwa ardhi katika ncha zote mbili, na anga lililo wazi mbele ya ncha hizo. Ikiwa nyumba zimekwisha kujengwa hapo, gharama ya fidia yaweza kushinda gharama ya ujenzi. Nyumba moja iliyojengwa leo mahali pasipotakiwa yaweza kuufunga uwanja kwa miaka hamsini.

Hesabu ya Mzigo

Sasa lifikiwe jambo linalomgusa mwanachama mfukoni. Je, mazao yaweza kusafirishwa kwa ndege kutoka Tanga?

Cessna Caravan iliyoondolewa viti hubeba mzigo usiozidi sana tani moja na nusu. Lori moja la tani 30 la mahindi lingehitaji safari 20 za ndege hiyo. Hakuna bei ya mahindi, ya machungwa ya Muheza wala ya nazi inayoweza kulipia safari hizo. Katani na saruji ya Pongwe, ambayo kiwanda chake kilianza kuzalisha mwaka 1980, hazina hata haja ya kutajwa. Mazao haya ni ya reli, ya lori na ya meli, na yeyote anayewaahidi wakulima wa mahindi utajiri kwa sababu ya uwanja wa ndege hawapendi.

Kuna mazao yaliyo mepesi na ya bei: iliki, karafuu, pilipili manga na mdalasini wa milima ya Usambara ya Mashariki. Lakini hayo yakikaushwa vizuri hukaa ghalani kwa miezi. Kwa kuwa yanaweza kungoja, aghalabu hayana sababu ya kulipa nauli ya ndege. Kinachofaa kwenda kwa ndege ni sampuli yake: kilo moja au mbili anazozitaka mnunuzi wa mbali kabla ya kufunga mapatano. Sampuli iliyofika leo yaweza kuuza tani kumi zitakazofuata kwa lori wiki ijayo.

Maziwa ni kinyume chake. Hayawezi kungoja hata kidogo, lakini ni mazito na bei ya lita moja ni ndogo. Wafugaji wa Tanga walilitatua jambo hilo bila ndege. Kwa kupitia chama chao kikuu cha maziwa, kilichoundwa mwaka 1993, walijenga mpango wa vituo vya kupozea maziwa, ambapo baiskeli na pikipiki huleta na magari huchukua. Mfano huo unaonyesha kwamba kuna maswali mawili ya kuulizwa pamoja: je, kitu hiki kinaweza kungoja? Na je, uzito wake unalipa? Kitu kinachoshindwa katika swali moja kina dawa nyingine.

Visivyoweza Kungoja

Vipo vitu vinavyofaulu katika maswali yote mawili, na ndivyo vinavyoupa uwanja mdogo haki yake ya kuwapo.

Cha kwanza ni uhai wa mtu. Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walianzisha huduma ya madaktari waendao kwa ndege katika Afrika Mashariki, ambayo leo hujulikana kwa jina la AMREF. Fikra yao ilikuwa kwamba mahali penye njia fupi ya ndege na redio, mgonjwa wa kijijini aweza kufikiwa na daktari wa mjini. Kwa anga, Tanga na Dar es Salaam ziko mbali kwa kilomita zipatazo 200, mwendo wa chini ya saa moja. Kwa barabara ni kilomita zipatazo 350. Kwa mgonjwa aliyepewa rufaa kutoka hospitali ya Bombo kwenda Muhimbili, tofauti hiyo yaweza kuwa ndiyo maisha yenyewe. Pemba iko kilomita zipatazo 80 kutoka Tanga, ng'ambo ya mkondo wa bahari. Safari ya angani ni ya nusu saa au chini yake.

Ipo tahadhari. Viwanja vingi vidogo havina taa, na katika nchi hizi jua huzama upesi karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni. Uwanja usio na taa hufungwa na giza. Kwa hiyo jamaa wa mgonjwa wakiwa wameshauriwa kutumia ndege, uamuzi wa saa nne asubuhi ni mwema kuliko uamuzi wa saa kumi jioni.

Cha pili ni dawa na chanjo. Chanjo nyingi za watu na za mifugo hutakiwa kuwekwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Kasha la barafu lina saa zake. Likichelewa njiani, chanjo huharibika pasipo kuonyesha dalili yoyote, na mfugaji hujua siku wanyama wake wanapokufa.

Cha tatu ni vita dhidi ya wadudu na ndege waharibifu. Nzige, viwavijeshi na kwelea kwelea hula shamba kwa siku, si kwa miezi. Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962, ambalo ndege zake hunyunyizia dawa dhidi ya maadui hao. Ndege ya kunyunyizia hufaa ikiwa karibu na mashamba ina mahali pa kutua, kujaza dawa na kujaza mafuta. Pasipo mahali hapo, saa zake huliwa na safari.

Hapa hapana budi kuwaonya wanachama. Dawa za kuulia wadudu, petroli, viberiti na mitungi ya gesi ni vitu vya hatari ambavyo abiria haruhusiwi kupanda navyo ndege. Mwanachama aliyenunua chupa ya dawa ya shamba mjini Dar es Salaam asiifiche katika begi lake. Ikimwagika angani, hakuna dirisha la kufungua.

Wajibu wa Majirani

Uwanja hulindwa na majirani zake kuliko unavyolindwa na uzio. Mambo manne yafaa kusemwa katika kila mkutano wa chama kilicho karibu na uwanja wowote.

Mosi, mifugo isichungwe wala kupitishwa kwenye njia. Ndege inayotua haina uwezo wa kukwepa, nayo huenda kasi kuliko basi lolote. Pili, takataka na mizoga visitupwe jirani. Huvuta kunguru na mwewe, na ndege mmoja wa porini akiingia katika injini aweza kuiangusha ndege yenye injini moja. Tatu, mashamba yaliyo jirani yasichomwe moto bila kuuarifu uwanja, kwani moshi humfumba rubani macho. Nne, miti mirefu isipandwe wala nyumba zisijengwe mbele ya ncha za njia. Mwanachama anayeuziwa kiwanja hapo kwa bei nafuu ajiulize kwa nini bei ni nafuu.

Chama Kikitakiwa Kutoa Ardhi

Hutokea kijiji kikaambiwa kitoe ardhi ya kiwanja kidogo, kwa ajili ya shamba kubwa, hoteli ya watalii au machimbo. Katika hali hiyo chama kisikatae wala kisikubali kabla ya kupiga hesabu. Njia ya mita 1,000, pamoja na ukanda wake wa pembeni, ikiwa na upana wa mita 60, huchukua hekta 6, yaani karibu eka 15, bila kuhesabu sehemu za ncha zitakazokatazwa kujengwa. Kila katibu aweza kuhesabu eka 15 ni magunia mangapi kwa mwaka, na ni kaya ngapi zinazoyategemea.

Kisha yaulizwe maswali. Je, kiwanja kitakuwa cha umma, au cha mtu mmoja? Nani atakata nyasi na kuziba mashimo katika mwaka wa tano, sherehe ya ufunguzi ikiwa imekwisha kusahauliwa? Je, ndege ya mgonjwa itaruhusiwa kutua bila malipo? Ikiwa mwenye mradi ataondoka, ardhi itarudi kwa nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inawapa wanakijiji sauti katika ardhi yao kwa kupitia mkutano wao. Sauti hiyo itumike kabla ya kutia sahihi, na majibu yaandikwe. Wahenga wa ushirika walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na ardhi ni mali kuliko mali zote.

Ambapo uwanja wa umma upo tayari, kama Tanga, haja ya kiwanja kipya huwa ndogo. Kwa mwanachama wa Pongwe, uwanja uko mwendo mfupi wa gari. Kwake lenye maana zaidi ni kwamba barabara ipitike, uwanja uwe wazi, na namba ya simu ya ofisi ya uwanja iwe katika daftari la chama.

Kwa Makatibu

Katibu wa chama atafanya vema akiandika karatasi moja na kuibandika ofisini. Iwe na mambo haya: namba za kampuni za ndege zinazopokea vifurushi, siku na saa za safari, zikihakikishwa kila msimu kwa kuwa hubadilika, kikomo cha uzito, orodha ya vitu vilivyokatazwa, na namba za hospitali na ofisi ya mifugo. Karatasi hiyo haigharimu kitu. Siku mwanachama atakapokuja mbio kwa sababu mke wake ameshikwa na uzazi mgumu, au kwa sababu chanjo ya ng'ombe wa chama imekwama Dar es Salaam, hapatakuwa na wakati wa kuanza kuulizia.

Siku nyingine zote, mkulima na aendelee kuipeleka katani yake kwenye reli na machungwa yake kwenye lori, na ndege ipite juu ya shamba lake bila yeye kuidai kitu. Uwanja utakuwa ukimngoja, ikiwa yeye na jirani zake watakuwa wameutunza.